Kabla ya kujenga chini ya jabali, uliza maji hupita wapi

WAHENGA walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo huenda ikamfaa kijana anayeruka kutoka kwa mchumba mmoja hadi kwa mwingine, lakini kwa mtu anayetafuta mahali pa kuishi na jamaa yake mambo huwa kinyume. Hapo asiyechagua ndiye hupata koroma, na akishaipata huila pamoja na mke na watoto wasiokuwa na hatia.

Miongoni mwa watu wanaohitaji kuchagua kwa makini ni wale wanaopenda kukwea majabali. Wakazi wa Nairobi wenye mapenzi hayo hufunga kamba zao na helmeti mwisho wa wiki na kuelekea Lukenya, kiasi cha kilomita 40 kwenye barabara ya Mombasa. Wengine huenda Hell's Gate karibu na Naivasha, na wenye kifua kipana zaidi huuendea Mlima Kenya. Wala mchezo huu si wa Wazungu peke yao kama wengi wanavyodhani. Mei 2022 Mkenya James Kagambi alifika kwenye kilele cha Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, akiwa na umri wa miaka 62.

Mtu akishaingiwa na mapenzi hayo hukaa akijiuliza: mbona nihangaike barabarani kila Jumamosi? Mbona nisihamie kando ya jabali lenyewe, niwe nikifungua dirisha alfajiri naliona?

Swali hilo ni zuri. Jibu lake ndilo lenye mtego.

Chukua Naivasha kwa mfano. Aliyehamia huko ili awe karibu na kuta za Hell's Gate huenda alijiona amepata. Mbuga hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1984, ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, na Mnara wa Fischer uko hatua chache tu kutoka langoni. Lakini Ziwa Naivasha lilipofura mwaka 2020, na likafura tena mwaka 2025, wakazi wa mtaa wa Kihoto walilazimika kutoka majumbani mwao huku maji yakifika madirishani. Hatari haikutoka kwenye jabali. Ilitoka mahali ambapo mpenda majabali hakuwa akitazama.

Au watazame waongozaji na wapagazi wa Mlima Kenya. Hao ndio wanaoujua mlima kuliko mtu yeyote, lakini nyumba zao ziko Naro Moru, Chogoria na Nanyuki, kwenye mashamba, shule na barabara. Mlimani huenda kazini, kisha wakarudi. Hata Ian Howell, mkweaji mashuhuri aliyejenga kibanda juu kabisa ya Nelion mwaka 1970, mita 5,188 kutoka usawa wa bahari, alijenga mahali pa kujihifadhi usiku mmoja au miwili. Hakujenga nyumba ya kulea watoto.

Jambo hilo tuliweke akilini tukiondoka nyanda za juu kuelekea kaskazini, mahali ambapo mawe ni mengi, watu ni wachache na kosa dogo la kuchagua kiwanja huweza kuigharimu jamaa pakubwa.

NCHI YA MAWE

Ukitoka Kitale kwenda Lodwar, unaiacha barabara kuu pale Lokichar na kushika njia ya kusini mashariki mpaka unapoufikia Mto Kerio. Hapo ndipo Lokori, makao makuu ya Turkana Mashariki. Kusini yake kuna Bonde la Suguta, mojawapo ya sehemu zenye joto kali zaidi nchini. Lodwar penyewe, ambako ndiko makao makuu ya kaunti, joto la mchana hufika nyuzi 35 mara nyingi, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu.

Zamani za kale volkano zilimwaga uji wa moto katika sehemu hizi, na uji huo ulipopoa ukawa magongo na vilima vya mawe meusi. Mtoto wa Kiturkana hajifunzi kukwea kwa kamba wala kwa mwalimu. Hujifunza kwa kumfuata mbuzi aliyekwama juu.

Hebu basi tumfikirie mwalimu kijana aliyeletwa Lokori na serikali kutoka magharibi mwa nchi. Ana mke ambaye ni muuguzi, watoto wawili wadogo, na mama yake mzazi anayeishi nao. Jumla ni watu watano. Kijana huyu alipokuwa chuoni Nairobi alizoea kwenda Lukenya, na sasa amefika akiwa na kamba yake ndani ya begi. Siku ya kwanza tu ameona kilima cheusi kilichopigwa na jua la jioni, na moyo wake umekwisha kwenda huko.

Jamaa hii ina njia tatu. Waweza kukaa chini ya kilima. Waweza kukaa kando ya mto, penye kivuli. Au waweza kukodi nyumba ya mabati katikati ya kituo, karibu na maduka, vumbi na kelele za bodaboda. Kila njia ina utamu wake na shubiri yake.

CHINI YA JABALI

Tuanze na ile anayoipenda baba.

Haki yake tumpe. Katika joto la Turkana, mtu hawezi kukwea wakati wowote apendao. Jiwe jeusi likishapigwa na jua la saa nne huchoma vidole kama sufuria iliyo jikoni. Saa zinazofaa ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, na baadaye jioni kabla giza halijaingia. Anayekaa mbali hupoteza saa hizo njiani. Kwa hiyo kuwa karibu na jabali si anasa tu, kuna faida ya kweli.

Lakini jiwe lile lile linalochoma mchana hulirudisha joto hilo usiku. Nyumba iliyoegemezwa kwenye ukuta wa mawe meusi hukaa kama iliyo kando ya tanuri hadi usiku wa manane, na watoto hulala wakilia. Wenyeji hupendelea mahali pa wazi panapopita upepo. Upepo huku hautafutwi. Hewa husukumwa kutoka kusini mashariki kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na ndiyo sababu ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Marsabit, kumejengwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo.

Pili, jiwe huanguka. Mawe ya volkano mara nyingi yana nyufa, na jua la mchana likifuatwa na baridi ya alfajiri huzidi kuyapasua. Usiulize kama mawe huanguka hapo. Tazama chini. Ukiona mawe makubwa yametapakaa kwenye mteremko, jua kwamba hayo hayakuota kama uyoga, yalitoka juu. Kisha tazama juu. Mwamba uliokaa miaka mingi juani huwa na rangi iliyoiva, lakini palipomeguka juzi huonyesha rangi mpya kama kidonda. Usijenge chini ya kidonda.

Tatu, kuna majirani wasiolipa kodi. Nyuki hupenda nyufa za majabali, na wakweaji wa Kenya wanaogopa nyuki kuliko kuanguka, kwa sababu mtu aliyening'inia kwenye kamba hana pa kukimbilia. Mwenye nyumba chini yake hana pa kukimbilia pia. Tena chini ya mawe hujificha nge, na nyoka mdogo mwenye sumu kali wa jamii ya kifutu, ambaye hutoka usiku kuwinda. Ukiishi katika mawe, watoto wasitembee gizani bila viatu na tochi, na kitanda kisigusane na ukuta.

KANDO YA MTO

Njia ya pili humvuta mgeni kwa ajili ya kivuli. Kando ya Kerio kuna migunga mikubwa ambayo Waturkana huiita ewoi, kuna mikoma, na kuna mswaki unaoitwa esekon. Ukitoka juani ukaingia chini ya miti hiyo unahisi umefika peponi.

Hapa pana mambo mawili ambayo mgeni lazima ayajue.

La kwanza ni kwamba miti hiyo ina wenyewe. Waturkana wana utaratibu wa tangu jadi uitwao ekwar. Kila kipande cha miti kando ya mto huwa na jamaa inayokitunza na kukitumia, hasa maganda ya mgunga ambayo ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Mgeni akiona miti imesimama bila ua hufikiri haina mtu. Anakata tawi apate nguzo, na jioni anashangaa kuona wazee wamesimama mlangoni. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga, lakini penye ewoi pana wenyewe.

La pili ni maji yenyewe. Kerio haianzii Turkana. Huanzia mbali kusini, kati ya Tugen na genge la Elgeyo, ambako mvua hunyesha wakati Lokori anga ni kavu kama karatasi. Kwa hiyo mto waweza kufura usiku ambao hakuna hata wingu moja lililoonekana. Na mito midogo ya msimu, yaani zile laga zilizojaa mchanga, ni ya hila zaidi. Kwa miezi mingi ni barabara ya mbuzi na uwanja wa mpira wa watoto. Kisha mvua inanyesha kwa saa moja vilimani, na kwa kuwa mwamba haunywi maji, yote huteremka kwa pamoja.

Huu ndio uhusiano ambao wapenda majabali wengi hawauoni. Jabali na furiko ni ndugu wa tumbo moja. Palipo na mwamba mwingi mtupu, maji hayana pa kuzama. Hell's Gate imetufunza somo hili kwa machozi. Aprili 2012 vijana 7 waliokuwa wametembea na wenzao wa kanisani walisombwa na maji ndani ya korongo la mbuga hiyo. Septemba 2019 watu 7 wengine wakafa vivyo hivyo, mvua ikiwa imenyesha kwingine. Huko Kakuma nako, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992 imejengwa karibu na laga ya Tarach, na mara kwa mara jamaa zilizokimbia vita zimejikuta zikikimbia maji.

Utapajuaje pa usalama? Tazama miti ya kando. Ukiona majani makavu, vijiti na vipande vya plastiki vimenasa matawini juu ya kichwa chako, hapo ndipo maji yalipofika. Panda juu zaidi ya hapo, kisha uongeze tena. Usiridhike na maneno ya dalali.

Isitoshe, mto huleta mbu, na malaria ipo Turkana licha ya ukavu wake. Mbali na mto kidogo kuna vichuguu virefu vya mchwa. Ndani ya vichuguu hivyo huishi usubi wanaoeneza kala-azar, ugonjwa unaoleta homa ya muda mrefu, kukonda na kuvimba wengu, na usipotibiwa huua. Ukiona kichuguu karibu na kiwanja, sogea. Na kama mtoto ana homa isiyokwisha baada ya dawa za malaria, usingoje mwezi wa pili.

KATIKATI YA KITUO

Njia ya tatu haina uzuri wa kuandikiwa barua. Nyumba ni ya mabati au ya matofali, uani ni mchanga mtupu, na dirishani huoni kilima bali ukuta wa jirani. Kijana wetu mkweaji akiiona atanuna.

Lakini na tufanye hesabu pamoja. Mtu mmoja huhitaji angalau lita 20 za maji kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga kidogo. Watu watano ni lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20. Mtungi uliojaa una uzito wa kilo 20. Kama bomba liko kilomita moja kutoka nyumbani, kila mtungi ni kilomita mbili kwenda na kurudi. Mitungi mitano ni kilomita 10 kila siku ya Mungu, nusu yake ukiwa na mzigo. Punda au bodaboda atasaidia, ila huyo naye hulipwa.

Sasa jiulize: kilomita hizo 10 zitatembewa na nani? Baba yuko darasani, na Jumamosi yuko kwenye kamba. Atakayezitembea ni mke akitoka kazini, au nyanya mwenye magoti mabovu, au binti aliyepaswa kufanya kazi ya shule. Kumbe nyumba iliyochaguliwa ili mtu mmoja awe karibu na jabali imewaweka watu wanne mbali na maji.

Pia uliza juu ya maji yenyewe. Katika Bonde la Ufa visima vingi vina madini ya floridi kupita kiasi, ambayo huharibu meno na hata mifupa ya watoto wanaokua. Huhitaji maabara kwa uchunguzi wa kwanza. Mwombe mtoto aliyezaliwa hapo acheke. Meno yakiwa na mabaka ya kahawia, tafuta kisima kingine cha maji ya kunywa.

Kisha kuna ugonjwa wa ghafla. Mgonjwa mahututi wa Lokori hupelekwa Lodwar, safari ya zaidi ya kilomita 100, na laga zikijaa njia hufungika. Mtoto akishikwa na degedege saa nane za usiku, tofauti kati ya kutembea dakika kumi na kutembea saa nzima hadi kwa mganga yaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti. Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali, na chini ya kilima hakuna jirani isipokuwa pimbi.

MAWE YENYE WENYEWE

Kabla hata ya kukodi au kujenga, kuna mlango wa kubisha. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ya jamii, na tangu mwaka 2016 kuna sheria inayosimamia ardhi ya namna hiyo. Mtu hawezi kuweka vigingi mahali kwa sababu tu hakuona ua. Aende kwa chifu na kwa wazee, aeleze yeye ni nani, anafanya kazi gani na ana watoto wangapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni apige hodi kwanza.

Wazee hao hao ndio watakaomwambia mkweaji ni mawe gani asiyaguse. Karibu na Lokori kuna makaburi ya kale ya Namoratunga, yaliyozungushiwa mawe bapa yaliyosimamishwa wima. Jina hilo humaanisha watu wa mawe. Baadhi ya mawe yamechorwa alama, na wataalamu Lynch na Robbins walipozichunguza miaka ya 1970 waliona zinafanana na chapa ambazo wafugaji wa Kiturkana huwatia mifugo wao hadi leo. Mahali pengine pa jina hilo pako Kalokol, karibu na ziwa. Na huko Lothagam, si mbali na ziwa hilo hilo, watafiti walieleza mwaka 2018 juu ya makaburi ya wafugaji ya karibu miaka 5,000, ambamo mamia ya watu walizikwa.

Mahali kama hapo hapapandwi, hapachorwi jina, wala hapaokotwi jiwe la kupambia sebule. Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inalinda sehemu hizo. Na hata kama sheria isingekuwepo, ni nani angependa mgeni aje akanyage kaburi la babu yake kwa kuwa ameliona lina kishikio kizuri?

Jambo la mwisho la kuwauliza wazee ni usalama, na hapa hapana mzaha. Turkana Mashariki inapakana na sehemu ambazo wizi wa mifugo kwa bunduki umemwaga damu nyingi. Novemba 2012 polisi na askari wa akiba zaidi ya 40 waliuawa katika Bonde la Suguta upande wa Baragoi. Mwaka 2014 polisi wengine waliuawa karibu na Kapedo. Februari 2023 serikali ilitangaza kaunti sita za kaskazini, Turkana ikiwamo, kuwa na sehemu hatari na ikapeleka jeshi kusaidia polisi. Kilima kinachompa mkweaji mandhari mazuri humpa mvamizi mahali pa kuchungulia. Ndiyo maana wafugaji wenyewe, ambao hawaogopi upweke, hupiga kambi kwa makundi yaitwayo adakar ili walindane. Kama mwenyeji mwenye bunduki ya akiba halali peke yake, mwalimu mwenye kamba na chaki atalalaje peke yake?

HATA ULAYA

Msomaji asidhani kwamba matatizo haya ni ya nchi maskini tu. Chamonix, mji wa Ufaransa ulio chini ya Mont Blanc, huitwa na wengi mji mkuu wa wapanda milima. Watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kuishi huko, na nyumba zake zina bei ya kutisha. Wana ramani za hatari, wahandisi na vifaa vya kila aina. Hata hivyo, tarehe 9 Februari 1999 theluji iliporomoka katika kitongoji cha Montroc na kuzifagia nyumba zilizokuwa zimejengwa kwa ruhusa kamili. Watu 12 walikufa. Baadaye mahakama ilimpata meya na hatia kwa kutowahamisha watu mapema.

Funzo ni moja, pale na hapa. Kibali cha karatasi hakizuii jiwe, theluji wala maji. Mlima haujui kusoma.

BASI WAKAE WAPI?

Je, kijana wetu auze kamba yake? Hapana. Mtu aliyehamishiwa mbali na kwao, kwenye joto na upweke, anahitaji kitu cha kumchangamsha, na afadhali jabali kuliko baa. Mwalimu mwenye furaha hukaa. Asiye na furaha huomba uhamisho kabla ya mwaka kwisha, na wanaoumia ni wanafunzi.

Ushauri wetu ni huu. Nyumba iwe kituoni au ukingoni mwake, mahali palipoinuka na panapopita upepo, karibu na maji, majirani na matibabu. Jabali liwe umbali wa nusu saa kwa miguu. Nusu saa haimzuii mkweaji. Akitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, atafika jua likikaribia kuchomoza na kurudi kabla chai haijapoa. Lakini nusu saa hiyo huwaepusha watoto na jiwe linaloanguka, nyoka, nyuki na upweke.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja ya kodi, jamaa nzima ikae chini ijibu maswali haya:

Maji ya kunywa yako wapi, na nani atakayeyabeba?

Mvua ikinyesha vilimani, maji hupita wapi?

Mawe yaliyo hapa chini yalitoka wapi?

Ardhi hii ni ya nani, na miti hii ni ya nani?

Jirani wa kwanza yuko umbali gani nikipiga kelele?

Mtoto akiugua usiku, tutafika kwa mganga kwa njia gani, na laga ikijaa je?

Na wazee wa hapa wanalala wapi wakati wa mvua?

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Mwenyeji aliyezaliwa hapo hana ramani wala shahada ya jiolojia, lakini amezika watu na amehesabu mifugo iliyosombwa. Akisema hapa hatulali, usimwulize sababu mara tatu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwenye nchi ya mawe guu huvunjika kweli.

Zaidi ya yote, baba akumbuke jambo moja. Yeye atakuwa kwenye jabali saa tatu kwa wiki, labda nne. Saa nyingine zote kuna mtu nyumbani anayepika, anayefua, anayekohoa, anayenyonyesha, anayengoja. Jabali huchaguliwa na anayekwenda. Nyumba ichaguliwe na wanaobaki.